Robo Tatu ya Mkono wa Burale

Soko la mbuzi la Kiamaiko lina kelele za kila namna, lakini bei haitamkwi. Ukimsikia mtu anapaza sauti ya bei pale, jua ni mgeni, au ni mtu anayemchezea mgeni. Bei yenyewe hupita chini ya kitambaa. Dalali humshika mwenye mbuzi mkono, kitambaa cha begani kikatupwa juu ya mikono yote miwili, na hapo vidole ndivyo vinavyozungumza. Kidole kimoja kikishikwa kina maana yake, viwili vina yao, hata nusu ya kidole ni pesa ya mtu. Ukikataa, unautoa mkono. Ukikubali, unauminya wote kwa mpigo mmoja, na ukishauminya hakuna cha nilikuwa natania. Wakati huo wote, juu ya kitambaa, wawili hao wanaulizana habari za mvua ya Moyale, na nyuso zao ni za watu wanaosubiri chai ichemke.

Katika kazi hiyo Burale alikuwa na mkono uliosifika. Alianza kwa kuswaga mbuzi kutoka kwenye lori hadi zizini, hana fimbo wala kitambaa, na bei alijifunza kwa kutazama mishipa ya wakubwa inavyocheza juu ya kifundo wanapopatana. Hakuna aliyemfundisha, kwa hivyo hakuna aliyemdai shukrani. Sasa alikuwa na nyumba ghorofa ya tatu upande wa Huruma, mke mmoja aliyemtosha na kuzidi, na sifa ambayo hata maadui zake hawakuipinga: ukimpa Burale mkono, kabla hajagusa kidole ameshajua kama una haraka.

Basi mkono huo ndio uliougua.

Ulianzia chini ya gumba la kulia, mahali padogo, pekundu, pakavu, panapowasha. Burale akasema ni kamba. Kamba akazibadilisha, mahali pale pakapanuka. Ngozi ikawa nene, ikaota magamba meupe, halafu ikapasuka. Baada ya muda viganja vyote viwili vilikuwa vimekauka na kupasuka kama bwawa la ng'ombe wakati wa kiangazi. Alipomtandikia mgeni kitanda, shuka lilinasa mikononi mwake kama limeshikwa na miiba.

"Nenda hospitali," mkewe Batulo akamwambia.

"Hospitali ni ya wagonjwa."

"Na wewe ni nani, mgeni rasmi?"

Hakwenda. Angeendelea kutokwenda hata leo, kama si Yonis.

Yonis alikuwa dalali kijana, mvaaji wa miwani ya jua hata mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye mabati. Asubuhi moja alikuwa na kundi la mbuzi wake mwenyewe la kuuza, na Burale alikuwa na mteja. Wakashikana mikono, kitambaa kikaanguka.

"Habari ya nyumbani, mzee Burale?"

"Nyumbani wazima. Na kwenu?"

"Alhamdulillahi. Mvua je?"

Burale alikuwa ameshika vidole vitatu vya Yonis na hakuwa na nia ya kufika cha nne. Yonis akamgeuzia mkono ili amdai vyote vitano, na katika kugeuza, pete yake ikazama ndani ya ule ufa mkubwa wa chini ya gumba. Mtu akichomwa mahali kama hapo ana njia mbili: kuvuta mkono au kukaza. Kiganja kilikuwa kimeshikwa, hakivutiki. Burale akakaza. Akaminya mkono wote wa Yonis, kwa nguvu, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Mashallah!" Yonis akasema. "Kwa vitano! Mzee ana moyo mkubwa leo."

"Sikukubali! Umeniumiza!"

"Warya, Burale, mashahidi wako hapa. Uliminya au hukuminya?"

Mashahidi walikuwa wameona kiwiko kikiruka. Wakasema aliminya, na sheria ya soko ni hiyo. Mbuzi wenyewe walikuwa vikongwe. Mmoja hakuwa na jino hata moja la mbele, alikuwa anakula kwa kumbukumbu tu. Mteja alipowaona akacheka, akaenda zake, na Burale akabaki na kundi lililofaa kupelekwa kwenye nyumba ya wazee kuliko machinjioni.

Hasara moja haimuui dalali. Lililomtisha ni kwamba Yonis si mjinga. Siku ya pili Yonis alimtazama mkono kwa makini zaidi ya vile mtu anavyomtazama mchumba, na kabla wiki haijaisha kila mwenye mbuzi Kiamaiko alikuwa akimpa Burale mkono na kidole kikitembea taratibu kuutafuta ule ufa. Mkono uliokuwa ukisoma watu sasa ulikuwa unasomwa. Akajaribu kupatana kwa mkono wa kushoto, wakamwambia huo ni wa chooni. Akajaribu glavu, wakamwuliza kama anakuja kununua mbuzi au kumzalisha.

Halafu likaja neno baya zaidi. Sijui alilianzisha nani, ila lilivaa miwani ya jua: Burale ana upele wa mbuzi. Kwamba ameupata kwa wanyama, na akimshika mnyama mzima atamrudishia. Watu wakaanza kuondoa mbuzi wao njiani akipita, na wengine walifanya hivyo kwa adabu, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

Neno hilo lilifika hadi kwa Haji Sakariye. Huyu ndiye aliyekuwa akiteremsha malori kutoka kaskazini kila mwaka kabla ya Idd ya kuchinja, na mzigo wake wote aliuweka mkononi mwa Burale. Kwa Burale mzigo huo ulikuwa nusu ya mwaka. Haji akapiga simu, na kwa kawaida yake hakuzunguka.

"Burale, nasikia mkono wako una upele."

"Haji, ni ukavu tu."

"Ukavu, upele, mimi sijui. Nikija kwa ajili ya Idd nitautazama mwenyewe. Ukiwa umepona, mzigo ni wako kama kila mwaka. Ukiwa hujapona, Yonis ameshanipigia."

"Amepiga simu?"

"Mara mbili. Kijana ana adabu sana."

Basi Burale akaanza kutafuta dawa kwa namna anayotafuta mbuzi: kila anayepita ana wake, na kila wake ni bora.

Kwanza alipewa mafuta ya mkia wa kondoo. Aliyemletea aliapa kwamba yalimponya binamu yake mpaka binamu mwenyewe akasahau aliumwa wapi. Burale akapaka asubuhi, akapaka adhuhuri. Ngozi ililainika, hilo tusilikatae, na maumivu yakapungua kidogo. Magamba hayakuondoka. Kilichoongezeka ni paka. Kiamaiko ina paka wengi wanaoishi kwa machinjio, na wote walikubaliana kwamba Burale ni sehemu ya machinjio. Walimfuata mpaka mlango wa msikiti, wakamsubiri nje, wakamsindikiza nyumbani. Batulo akafungua mlango akawakuta ngazini wamejipanga.

"Umeleta wageni?"

"Wamekuja wenyewe."

"Basi wapikie wewe. Na hayo mafuta yasiguse mito yangu."

Mafuta yakaachwa. Akaenda kwa Deeqa, mtoto wa kaka yake, mwenye duka la vipodozi Eastleigh. Deeqa alimtazama viganja, akatikisa kichwa kwa namna ya watu wenye dawa, akatoa kopo jeupe lisilo na jina.

"Adeer, hii ni moto. Wiki moja tu."

"Ina nini ndani?"

"Ina matokeo."

Burale alilipenda jibu hilo. Angekuwa yeye ndiye muuzaji, angejibu vivyo hivyo. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, lakini mtu anayeumwa mkono huwa hana masikio ya kutosha.

Na kweli, wiki ilikuwa haijaisha, viganja vikawa safi. Vyeupe, laini, vinateleza kama vya karani wa benki. Burale alitembea soko zima akisalimia. Aliwasalimia madalali, wachinjaji, wauza maji, mgambo wa lango, hata mtu mmoja aliyekuwa amekuja kuuliza njia ya kwenda Mathare akasalimiwa kwa mikono miwili. Yonis alimpa mkono mara tatu. Jioni akampigia Haji Sakariye kumwambia amepona kabisa, aje hata kesho.

"Nitakuja wakati wangu," Haji akasema. "Kama umepona, utakuwa umepona na wakati huo."

Krimu ilipokwisha, Burale hakununua nyingine. Mtu aliyepona ananunua dawa ya nini? Siku chache baadaye ugonjwa ukarudi, na haukurudi peke yake. Viganja vikawaka, nyufa zikafunguka hata zile zilizokuwa zimeziba, na visigino ambavyo havikuwahi kulalamika navyo vikapasuka. Akamrudia Deeqa akichechemea.

"Adeer, ulipaswa kuendelea kupaka."

"Mpaka lini?"

Deeqa akafikiri. "Daima?"

"Deeqa, hiyo si dawa, hiyo ni kodi ya nyumba."

Aliyemwokoa kutoka kwa madawa ya namna hiyo alikuwa Laban, mwenye bucha Makongeni, mteja wake wa siku nyingi, aliyestaafu reli na bado akivaa koti la reli. Laban alisikiliza hadithi yote ya kopo, akala mshikaki wake, akakunja mikono ya koti. Viwiko vyake vilikuwa na mabaka mekundu yenye magamba membamba.

"Wewe pia!" Burale akasema. Furaha aliyoisikia haikuwa ya kiutu sana.

"Mimi tangu niko reli. Zamani yalikuwa mpaka hapa," Laban akaonyesha bega. "Kiliniki ya ngozi walinipa mafuta ya kupaka. Nilipona nusu."

"Nusu tu? Na ukaridhika?"

"Ndugu yangu, wewe hujalala na yale mabaka mpaka begani. Nusu ni likizo."

Hivyo ndivyo Burale alivyofika kiliniki, siku mbili kabla ya Ramadhani, amevaa kanzu safi na amejiandaa kupatana. Daktari alikuwa mama wa makamo, Daktari Wakiuru, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alimshika viganja bila glavu, akavigeuza kwenye mwanga, akabonyeza, akavichungulia karibu. Burale akaona moja kwa moja kwamba huyu anajua kukagua mnyama.

"Ulipaka nini hapa katikati?"

"Krimu ya kopo jeupe."

"Hiyo ni dawa kali sana, na nyingi hata hazina ruhusa. Zinazima moto haraka, ukiacha ghafla moto unarudi na upepo." Akaviachia viganja. "Mzee, huu si upele. Unaitwa soriasisi. Hukuupata kwa mbuzi na hutampa mbuzi. Hutampa mtu yeyote. Ni askari wa mwili wako mwenyewe waliochanganyikiwa, wanaishambulia ngozi wakidhani ni adui. Ngozi nayo inaota mbiombio na kurundikana."

"Kwa hivyo askari wangu wananipiga mimi, mwenye kuwalisha."

"Ndiyo."

"Kama kanjo, hawa askari wa jiji."

"Kama kanjo," daktari akakubali.

"Dawa ipo?"

"Ipo."

"Inaponya?"

"Inatuliza. Kuponya moja kwa moja, bado haijapatikana."

Burale aliyajua maneno ya namna hiyo. Ni muuzaji anayeanza kurudi nyuma hatua moja ili uvutike. Akavuta kiti karibu na meza, akatoa kitambaa begani, akakitupa juu ya mkono wake wa kulia na kuunyoosha mbele ya daktari.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nesi yuko hapa anasikia. Tupatane chini."

Daktari akatazama kitambaa, akamtazama nesi, akacheka mpaka akashika miwani. "Kwangu tunapatana juu. Uliza."

"Hii dawa yako inafanya kazi kiasi gani? Usiniambie nzuri. Nzuri niliambiwa na mwenye mafuta na mwenye kopo."

Swali hilo lilimfanya daktari akae vizuri. "Haya. Nikiwapa watu kumi vidonge hivi ninavyofikiria kukupa, kama wanne hivi ugonjwa wao utapungua robo tatu au zaidi. Wengine watapata nafuu kidogo. Wengine hawatapata kitu, na tutajaribu dawa nyingine. Na viganja ni vibishi kuliko sehemu nyingine."

"Wanne ni wachache. Fanya saba."

"Sifanyi mimi. Walihesabiwa."

"Aliyewahesabu alikuwa na haraka. Sita."

"Wanne, mzee."

"Watano, na naondoka nimeridhika."

"Wanne, na ukiondoka sasa hivi unaondoka na sifuri."

Ilikuwa muda mrefu Burale hajakutana na mtu asiyeshuka wala kupanda. Akajaribu mlango mwingine. "Basi mimi niandike katika hao wanne."

"Siandiki. Mwili ndio unaojipanga. Tutajua baada ya miezi mitatu."

"Mitatu! Kopo lilichukua wiki."

"Na wiki iliyofuata lilikuchukua wewe."

Nesi akageukia ukuta, akakohoa. Burale akahesabu kwa vidole vyake vyenye nyufa: kuanzia Ramadhani hadi Idd ya kuchinja ni miezi mitatu na siku kidogo. Haji Sakariye angekuta ndiyo kwanza dawa imefika kileleni, kama itafika. Hakukuwa na mbuzi mwingine sokoni. Akakirudisha kitambaa begani, amekubali.

Masharti yalikuwa mengi. Damu ipimwe kwanza, halafu ipimwe tena na tena, kwa sababu vidonge vinaweza kusumbua ini. Mafuta ya kupaka jioni, glavu za pamba juu yake, ngozi isikauke. Na vidonge vyenyewe, hapa daktari aliinua kidole na kukiacha juu mpaka alipomaliza, ni mara moja kwa wiki. Si kila siku. Mtu akivimeza kila siku vinaweza kumuua.

"Kwa wiki mara moja," Burale akarudia, akionekana kama mtu aliyepewa punguzo dogo.

Nyumbani Batulo alisikiliza masharti yote, akachukua pakiti ya vidonge, akaitia ndani ya mkoba wake na kuufunga zipu.

"Hiyo ni dawa yangu."

"Na huu ni mkoba wangu. Kila Jumatatu baada ya futari utapewa. Nakujua wewe. Ukiona mbuzi hanenepi unamwongeza chumvi."

Alikuwa amemjua sawasawa. Wiki za kwanza hapakutokea lolote isipokuwa kichefuchefu cha kila Jumanne. Burale alilala na glavu nyeupe kama askari wa gwaride aliyesahau kuvua, Batulo akimpigia saluti kila anapozima taa. Viganja vilikuwa vilevile. Ramadhani ikakatika, Idd ndogo ikapita, Yonis akaja kumsalimia kwa ncha za vidole.

"Mzee, dawa ya hospitali inasemaje?"

"Inasema subiri."

"Haji Sakariye amenipigia yeye mwenyewe safari hii."

Siku hiyo Burale alipanda ngazi mbili mbili. "Batulo, leo nipe vya wiki mbili."

"Leo ni Alhamisi."

"Idd inakuja!"

"Na mimi eda sitaki. Nguo nyeupe za ujane hazinipendezi." Akaubana mkoba kwapani na kuendelea kukoroga chai. "Unataka mkono mzuri wa kuzikwa nao?"

Hakupewa. Alinuna mpaka Jumamosi, na kwa kuwa Batulo hakugundua, akaacha kununa.

Ilikuwa kati ya mwezi wa pili na wa tatu alipokuwa akifunga kamba ya mbuzi, akafunga, akafungua, akafunga tena, ndipo akatambua kwamba haijamuuma. Akafungua kiganja kwenye jua. Magamba yalikuwa yamepungua. Kingo za yale mabaka zilikuwa zimerudi nyuma kama maji ya mafuriko. Safari hii hakumsalimia mtu yeyote. Akaufunga mkono, akauweka mfukoni, akaendelea na kazi.

Lakini Kiamaiko haina siri. Wenye dawa wakaanza kuja kudai sifa. Mwenye mafuta ya kondoo akasema mafuta huchelewa kuingia mfupani. Deeqa akasema krimu yake ilikuwa imesafisha njia. Laban akasema ni yeye, maana bila viwiko vyake Burale angekuwa bado anafuga paka. Kwenye kiliniki Burale akamuuliza Daktari Wakiuru nani hasa aliyefanya kazi.

"Vidonge, na mafuta ya jioni, na yule aliyeficha pakiti," daktari akasema akivikagua viganja. "Hapa pamepungua robo tatu. Umejipanga na wale wanne."

"Robo iliyobaki inakuja lini?"

"Huenda isije. Na ukiacha dawa, hata hizi robo tatu zinaweza kurudi zilikotoka."

Pale pale chini ya gumba la kulia, ufa mmoja ulikuwa umebaki, mfupi, mwekundu, mkaidi. Burale aliutazama njia nzima.

Malori ya Haji Sakariye yaliingia wiki moja kabla ya Idd. Haji akashuka, mzee mrefu mwembamba mwenye ndevu za hina, na kabla hajanywa hata maji akasimama katikati ya uwanja na kusema, "Mkono."

Madalali wakasogea. Yonis alikuwa mbele kabisa, amevua miwani kwa heshima.

Kuna njia mbili za kumuuza mbuzi mwenye kilema. Moja ni kumsimamisha upande wake mzuri na kuomba mnunuzi asizunguke. Nyingine ni kuanza na kilema chenyewe, mnunuzi akose cha kukuvumbulia. Burale alikuwa ametajirika kwa njia zote mbili. Akautoa mkono, akaufungua juani, na kwa kidole cha kushoto akaonyesha ule ufa.

"Haji, hapa bado. Hapo pengine pote ni pazima. Daktari anasema nimepona robo tatu, na nikiendelea na dawa nitabaki hapo. Haiambukizi mtu wala mnyama. Batulo amelala kando yangu muda wote huu, muulize kama ana hata chunusi."

"Siwezi kumuuliza mke wa mtu habari za ngozi yake," Haji akasema. Akaugeuza mkono, akaukunja, akausugua kwa gumba kama anayepima manyoya. "Ulinipigia simu ukasema umepona kabisa."

"Hiyo ilikuwa krimu inazungumza."

Watu wakacheka. Haji hakucheka. "Mimi nilisema ukiwa umepona. Hujapona."

"Haji, mimi niko hapa," Yonis akasema, "mikono miwili mizima, kamili."

"Nimeiona." Haji akafikiri. "Basi nitagawa. Burale achukue robo tatu ya mzigo, Yonis robo."

Hapo Burale akapumua, kwa sababu Haji alikuwa amekosea. "Gawa. Mnunuzi atakuja kwangu aulize bei, aende kwa Yonis aulize bei, arudi kwangu aseme Yonis ameshuka, arudi kwa Yonis aseme mimi nimeshuka. Kufika jioni mbuzi wako watakuwa wanauzwa bei ya kuku, na sisi wawili tutakuwa tumekula udalali wetu vilevile."

Haji alitazama malori. Mbuzi walikuwa wanalia kiu. "Haya. Mzigo wote kwako. Lakini mkono ni robo tatu, na udalali utakuwa robo tatu."

"Haji! Akili ni nzima!"

"Sikodishi akili. Nakodisha mkono."

Burale akatoa kitambaa begani. "Lete tupatane. Ila sharti moja, na wote msikie. Mkono huu ukiminya, haihesabiki. Nikikubali nitakubali kwa mdomo."

Wazee wakanong'onezana. Haikuwahi kusikika, mtu kukubali kwa mdomo Kiamaiko. Yonis akafungua kinywa, mzee mmoja akamkanyaga mguu. Haji akatikisa kichwa kukubali, kitambaa kikaanguka.

"Mvua ya huko vipi, Haji?"

"Kidogo. Na Batulo hajambo?"

"Hajambo, ananitawala."

Chini ya kitambaa gumba la Haji lilienda moja kwa moja kwenye ufa, likabonyeza. Burale akaumia, akaminya mkono wote, na akaendelea kumtazama Haji usoni. Haikuhesabiwa. Kisha vidole vyake vikaanza kazi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya wale vikongwe akausikia mkono wa mwenzake: vidole vya Haji vilikuwa vikavu, na mshipa wa kifundo ulikuwa ukipiga haraka haraka. Mzee alikuwa na haraka. Malori yalikuwa yanatakiwa kurudi kaskazini. Burale akashika kidole, akakiachia, akashika kingine nusu. Wakazungumza habari za barabara ya Isiolo. Wakazungumza habari za arusi ya mtu fulani ambaye hakuna hata mmoja wao aliyempenda.

"Nimekubali," Burale akasema kwa sauti.

Walifikia wapi, soko halijui mpaka leo. Yonis anasema ni robo tatu kamili. Wengine wanasema ilizidi, kwa sababu Haji aliutoa mkono wake na kuufuta kwenye kanzu kama mtu aliyeshikwa na kitu kinachonata.

"Na mwakani?" Burale akauliza akikunja kitambaa. "Mkono ukifika tisini kwa mia?"

"Ukifika tisini tutazungumza."

"Na ukirudi nusu?"

"Ukirudi nusu pia tutazungumza," Haji akasema. "Sasa waambie wafungue hilo lori, mbuzi wangu wanakufa na kiu wakikutazama mkono."

Burale akapiga mluzi, bodi la nyuma likaanguka, na mbuzi wa kwanza wakaruka chini. Akamshika yule aliyetangulia kwa mkono wa kulia, akamfungua mdomo, akatazama meno. Yote yalikuwepo.